Mwenyekiti wa Kamati ya Ramani

Mtaani kwetu, upande wa Lanet mjini Nakuru, ukisema "Mwenyekiti" hakuna anayekuuliza mwenyekiti wa nini. Ni mwenyekiti wa maji, wa usalama, wa ujenzi wa kanisa, wa mazishi na wa harusi. Watu watatu wakisimama pamoja kuangalia tairi iliyopasuka, naye akawa anapita, lazima aulize nani ni katibu. Kura hazipigwi. Anaketi kwenye kiti cha katikati, anavua kofia, anaiweka juu ya goti, na kikao kinakuwa kimeanza.

Nimemjua tangu nikiwa mtoto wa shule, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akikiri kwamba amepotea. Nalitaja hili mapema kwa sababu Mwenyekiti alipotea sana. Kila msafara wa posa, kila safari ya kuzika jamaa wa mbali, gari lake ndilo lililokuwa mbele, ile Peugeot ya zamani yenye safu tatu za viti. Magari mengine yalimfuata yakiwa yamewasha taa mchana kweupe, yakikata kona alipokata na kurudi kinyumenyume aliporudi. Siku moja tulifuatana hivyo hadi ndani ya boma la mtu huko Rongai tukamkuta anakamua ng'ombe. Mwenyekiti alishuka, akamsalimia, akamsifia ng'ombe, akaliombea boma, na sisi sote tukapewa maziwa. Tuliporudi garini alisema, "Huyo mtu nimekuwa nikitaka kumtembelea siku mingi."

"Kwani unamjua?" mkewe akauliza.

"Sasa namjua."

Ukimbana sana alikuwa na jibu lake: "Mimi sipoteangi. Mimi huzunguka." Alilisema kwa utulivu mkubwa, kama daktari anayekueleza jina la ugonjwa wako.

Ajabu ni kwamba kuwaelekeza wengine alikuwa hodari, na alifanya hivyo hata bila kuombwa. Mgeni akisimama tu kando ya barabara kujikuna, Mwenyekiti alimfikia. "Unaenda Dundori? Sikia. Enda mpaka mahali kulikuwa na posho mill. Si hii mpya, ile iliungua. Halafu utaona pale mti mkubwa ulianguka. Hapo piga kushoto. Ukifika kwa Mzungu, jua umepita." Sasa huyo Mzungu aliuza shamba akaondoka kabla hata mimi sijazaliwa. Shamba lenyewe liligawanywa zamani, na leo lina mahindi, kanisa, baa moja na wajukuu wa watu walionunua hisa za shamba hilo. Kile kinu cha unga hakiko, mti hauko, wala kisiki chake. Lakini wazee wenzake walimwelewa neno kwa neno. Walikuwa na nchi yao nzima iliyojaa vitu visivyokuwepo, na ndani ya nchi hiyo hawakupotea hata mara moja.

Mkewe tulimwita Mama, mtaa mzima. Mwanamke mfupi, mpole, chupa ya chai haimtoki mkononi. Mwenyekiti aliwaambia watu kanisani kwamba Mama ana kipawa, kwamba garini akitulia kidogo huwa anafunuliwa njia. Ukweli tulioujua sisi wa viti vya nyuma ni huu: Mama alipoona tumeshaharibikiwa, alisema, "Baba, nasikia kama kuna sauti kwa tairi." Mwenyekiti alisimamisha gari na kushuka kuyapiga matairi teke, moja baada ya jingine, bila haraka. Akiwa nyuma huko, Mama aliteremsha kioo na kumwuliza mpita njia. Mwenyekiti aliporudi na kufunga mlango, Mama alifumba macho kidogo, akasema, "Mimi naona kama ni huku kulia." Na ilikuwa kulia. Tulijiuma midomo hadi tukafika.

Nisingekuwa na haja ya kuyaandika haya kama mambo yangeishia kwenye kucheka. Lakini ilifika zamu yangu ya kuoa. Baba yangu alifariki nikiwa ningali shule ya msingi, na Mwenyekiti ndiye aliyeongoza mazishi. Kamati ya mazishi ilipovunjwa yeye hakuvunjika nayo. Alikuja kuangalia kama paa letu linavuja, alikuja kuuliza matokeo ya mtihani, alikuja siku nilipofungua duka langu la kompyuta na fotokopi akakaa mlangoni kutwa nzima akiwaambia wapita njia waingie. Kwa hiyo nilipompata Wangari, msichana wa Kabazi aliyekuwa akifanya kazi hapa mjini, na wakati wa kwenda kwao kuongea mahari ulipowadia, hakukuwa na mwingine wa kutangulia. Wala sikumtaka mwingine.

Safari ya kwanza tulizunguka, kama anavyosema mwenyewe. Tulizunguka hadi jua likatua. Mwenye bodaboda mmoja, ambaye Mama alimpata kwa njia ya tairi, ndiye aliyetufikisha gizani. Wazee wao walikuwa wamekula na kwenda zao. Mjomba wa Wangari, mwalimu mkuu mstaafu ambaye ndiye msemaji wa ukoo huo, alisimama langoni na tochi, akatumulika usoni, sisi tusiuone wake, akasema kwa sauti ya paredi ya shule, "Wageni wetu walikuwa wa mchana. Nyinyi sijui ni wa nani." Alitupa siku nyingine. Saa sita mchana tuwe tumefika, ikipita tusisumbuke kuja tena.

Wangari alinipigia kesho yake. Kila aliponipigia akiwa kwao nilisikia upepo mwingi kwenye simu. "Mjomba amesema hakuna mara ya tatu," aliniambia. "Na yeye akisema amesema. Dada yangu mkubwa hakuolewa na yule wa kwanza juu ya mambo kama haya. Please, fikeni." Niliacha kula vizuri. Wateja walinipa kitambulisho nitoe nakala ya pande mbili, nikatoa upande mmoja mara mbili.

Nilimwendea Mwenyekiti nikiwa nimejiandaa kumwomba kwa adabu kwamba safari hii atangulie mtu mwingine. Sikufika hata nusu ya salamu. "Katibu," alisema, kwa maana tayari nilikuwa katibu wa kitu ambacho sikukijua, "shida yetu si dereva. Shida ni vifaa. Tunaunda kamati."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Kamati ya Ramani, dukani kwangu, katikati ya mashine ya fotokopi na rafu ya daftari. Wanachama walikuwa Mwenyekiti, mimi katibu, Mama wa chai, na mzee mmoja aliyewahi kuuza nafaka Rongai ambaye alikuwa Mweka Hazina wa kamati zote za Mwenyekiti, hata zile zisizokuwa na hazina. Tulifungua kwa maombi. Ajenda ilikuwa moja: kuchagua programu ya kuonyesha njia, ya kuwekwa kwenye laptop.

Niliuliza kwa nini isiwe kwenye simu kama watu wengine. Mwenyekiti alinitazama kwa huruma. "Simu ni ya mtu mmoja. Njia ni ya watu wote. Wewe ukiangalia hiyo kioo yako ndogo, wazee wa nyuma wanaangalia nini? Shingo yako?" Mweka Hazina akaunga mkono. Akaongeza kwamba simu ya Mwenyekiti siku ya msafara hulia bila kupumzika, na kila ikilia ramani hupotea anatokea shangazi.

Laptop yenyewe aliinunua kutoka ofisi ya kanisa walipopata nyingine. Ilikuwa nzito na betri ilikuwa imekufa, kwa hiyo ilikula umeme wa gari kupitia pale pa kuwashia sigara. Nilipoiwasha mara ya kwanza ndipo nilipolazimika kuwaeleza wanakamati jambo gumu, kwamba mashine hii, tofauti na simu, haina kile kidude cha kupokea setilaiti.

"Unasema kompyuta haijui iko wapi?" Mwenyekiti akauliza.

"Haijui, Mwenyekiti."

Mama alikohoa ndani ya kikombe. "Basi itatuzoea haraka," alisema.

Nikanunua kidude cha nje, cha kuchomeka kwa waya, kidogo kama kisanduku cha kiberiti, cha kuwekwa mbele kwenye dashibodi. Kufikia safari ya kwanza ya majaribio Mama alikuwa amekifumia kitambaa. Nyumbani kwao redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata mtungi wa gesi una kitambaa, na hakuona kwa nini setilaiti ikae uchi. Kilikuwa cheupe chenye maua ya waridi pembeni, na ninaapa kidude kilifanya kazi vizuri zaidi kikiwa kimevaa.

Programu ya kwanza ilikuwa maridadi kupita kiasi. Barabara za rangi, majina ya maduka, hadi foleni ya magari iliionyesha. Tulitoka nayo kwenda Dundori kuchukua mbegu za viazi, wanakamati wakipiga makofi kila kona iliyotajwa sawasawa. Tulipopanda kule juu mtandao ukakatika. Barabara zikafutika moja moja, kisha kioo chote kikawa kijivu, na katikati ya kijivu kikabaki kidoti cha buluu kinachopumua.

"Tuko wapi?" Mwenyekiti akauliza.

"Hapo."

"Hapo ni wapi?"

"Hapo kwa kijivu, Mwenyekiti."

Mweka Hazina aliangalia nje dirishani, kulia na kushoto, akatoa ripoti yake: "Mimi naona viazi." Na kweli, pande zote ilikuwa viazi mpaka macho yalipokomea. Kamati iliikataa programu hiyo papo hapo, kwa sababu mtu anayekuacha pale unapomhitaji si wa kutembea naye.

Programu ya pili iliibeba ramani yote tumboni, haikuhitaji mtandao, na tena iliongea. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya kizungu cha mbali sana, iliyotamka Dundori kana kwamba ni jina la dawa. Mweka Hazina alimpenda mara moja. "Huyu ana heshima," alisema. "Ona hapigi kelele." Hata tukiwa tumeegesha aliniomba nimwashe aongee kidogo. Mwenyekiti kwa upande wake alimjibu kila neno. "Nimesikia, madam, lakini kuna lori." "Mia mbili mita? Wewe ndio utanihesabia?" Walielewana hivyo hivyo hadi alipopitiliza kona moja pale karibu na Bahati na yule mwanamke akamwambia ageuze gari. Akaambiwa tena. Akaambiwa tena, kwa sauti ileile isiyochoka.

Mwenyekiti alisimamisha gari. Alikuwa ameumia kwa kweli. "Mama," alisema, "tumekaa na wewe maisha yote. Umewahi kuniambia nirudi?"

"Sijawahi, Baba," Mama akajibu, akiangalia nje.

Lakini kilichommaliza madam si ukali wake, ni picha ndogo. Programu ile ilitaka uchague unasafiri vipi, na ilikuwa na picha tatu: kigari, baiskeli, na kijitu kinachotembea. Mimi nilikuwa nyuma nikipanga waya. Mwenyekiti akakiangalia kile kigari, kifupi, chekundu, cha milango miwili, akakataa. "Hii ni gari ya vijana wa mjini. Sisi si hao." Baiskeli hakuwa nayo. Basi kwa unyenyekevu wote akachagua kijitu. Nilishangaa tulipoanza kupita nyuma ya zahanati, halafu katikati ya uwanja wa shule watoto wakikimbia kando yetu wakishangilia, halafu kwenye njia ya ng'ombe iliyozidi kuwa nyembamba. Ilitufikisha kwenye daraja la mbao la kuvukia mto kwa miguu. "Endelea mbele," yule mwanamke akasema. Mwenyekiti aliliangalia daraja, akaiangalia Peugeot yake, na kwa mara ya kwanza nikamwona anaogopa mwanamke.

Programu ya tatu ilikuwa ya bure na ilikuwa mbaya kwa sura. Haikuongea. Barabara zake zilikuwa mistari myembamba, maandishi yake yalihitaji miwani. Nilikuwa karibu kuifuta. Ila ilikuwa na jambo moja: iliruhusu mtu achomeke bendera zake mwenyewe mahali popote na kuzipa majina. Nilimwonyesha Mwenyekiti namna ya kufanya. Akasogeza kidole chake kinene hadi kona moja juu ya Dundori. "Andika hapa," aliniambia. "Kwa Mzungu."

Nikaandika. Bendera ikasimama. Akaiangalia kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mama yake akiwa msichana. "Andika hapa, Mti Ulianguka. Hapa, Posho Mill Iliungua. Hapa Rongai, andika Pale Tulipewa Maziwa." Tuliandika hadi chai ikapoa. Mweka Hazina naye akakumbuka dip ya kuogeshea ng'ombe iliyofukiwa, na duka la Mhindi mmoja aliyekuwa akiwapa watoto sukari guru, wakabishana lilikuwa upande gani wa barabara, wakacheka hadi Mweka Hazina akapaliwa. Kumbe nchi yao ilikuwa inatafuta tu mahali pa kuandikwa. "Hii," Mwenyekiti akatangaza, "inasikiliza mtu." Ikapita. Mweka Hazina hakupiga kura yoyote, alikuwa bado anamwombolezea madam.

Ilibaki bendera moja, ile ya kwa kina Wangari, ambako tulifika na kutoka gizani bila kuishika njia. Kwenda kuchungulia boma la wakwe kabla ya siku yenyewe ni aibu isiyosemeka, hivyo majaribio ya huko hayakuwezekana. Wangari atupokee barabarani? Siku hiyo msichana hukaa ndani, haonekani. Mwenyekiti naye hakutaka tusindikizwe na bodaboda. "Msafara haupokewi stage ya matatu kama mzigo." Nikamwomba Wangari, aliyekuwa kwao, anitumie mahali alipo kwa simu. Alinitumia jioni ileile, nikachomeka bendera. Mwenyekiti akaipa jina mwenyewe: Nyumbani kwa Wangari. Nilimwona ameridhika sana na jina hilo.

Safari ile ya pili ya Kabazi ndiyo ya mwisho aliyoongoza. Siku hizi amehamia shambani kwake Rongai, macho hayamruhusu kuendesha mbali, na misafara yetu inaongozwa na vijana wenye simu ambao hufika kila mara na hawana hadithi yoyote ya kusimulia. Kwa hiyo nitaieleza kama nilivyoiona, nikiwa kiti cha mbele na laptop mapajani.

Tulitoka Nakuru mapema, magari sita. Mwenyekiti alivaa suti ya kijivu na kofia mpya. Mistari ya programu ikaenda sawa na barabara, barabara ikaenda sawa na mistari. Tulipanda Bahati, tukaacha lami, tukakata kushoto, kulia, kushoto, bila kurudi nyuma hata mara moja. Simu yangu ikalia, alikuwa binamu yangu aliyekuwa gari la nne. "Niaje, kuna shida?" aliuliza kwa wasiwasi. "Mbona hatujageuza?" Mwenyekiti alisikia, akaanza kuimba. Mama akaitikia. Mweka Hazina akapiga makofi kwenye kiti cha mbele yake, na mimi nikajiona tayari ni mume wa mtu.

Saa sita ikiwa inakaribia, bendera ikawa mbele yetu, kisha ikawa chini yetu. Tukasimama.

Palikuwa juu ya kilima. Nyasi, upepo, mbuzi wawili, na jiwe kubwa lililolainika kwa kukaliwa. Hakukuwa na nyumba wala lango. Hapa na pale walisimama watu watano au sita, kila mtu na simu sikioni, wote wakitazama upande mmoja. Nyuma yetu akina mama waliona magari yamesimama, wakajua tumefika. Wakashuka na leso zao za kufanana, wakajipanga, wakaanza wimbo wa kuomba lango lifunguliwe. Waliuimba kwa nguvu zao zote, mbele ya mbuzi wawili.

Ndipo nilipoelewa ule upepo. Kwa kina Wangari hakuna mtandao. Akitaka kunipigia hupanda kilimani, na akitaka kutuma kitu hupanda kilimani, kama watu wote wa upande ule wanavyofanya. Alinitumia mahali alipo, na alikuwa hapa. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyekosea, ila ng'ambo ya bonde, upande wa pili wa kijito, niliona hema jeupe na moshi wa mapishi, na kati yetu na hilo hema hapakuwa na barabara yoyote ambayo macho yangeweza kuikuta. Nilimweleza Mwenyekiti kwa maneno yaliyokuwa yakigongana.

Aliiangalia mashine. Akaliangalia hema. Kutoka nyuma Mama akasema polepole, "Baba, nasikia kama kuna sauti kwa tairi."

Mwenyekiti aligeuka akamtazama mkewe kwa muda, halafu akanitazama mimi. "Hakuna kitu kwa tairi, Mama," alisema. Akafungua mlango, akavua kofia, akatembea kwenye nyasi hadi kwa mzee mmoja aliyesimama kando ya jiwe akiwa ametugeuzia mgongo, simu sikioni, upepo ukipeleka kelele zetu upande mwingine. Sisi sote tuliteremsha vioo.

"Mzee, samahani," Mwenyekiti alisema. "Mimi ni mgeni hapa, na nimepotea."

Nyuma yangu Mama alishika kifua. Yule mzee hakugeuka, aliinua tu kidole. "Ngoja kidogo, boss. Kuna watu fulani napigia, hawapatikani."

Mfukoni mwa Mwenyekiti simu ikaanza kulia. Aliiacha, kwa adabu, maana alikuwa anangoja kuelekezwa. Ikaendelea kulia. "Baba, simu!" Mama akapaza sauti. Akaitoa. "Hallo?"

"Hallo?" yule mzee akasema. "Ndio huyu Mwenyekiti?"

"Ni mimi."

"Mko wapi nyinyi? Saa sita ndiyo hii!"

"Niko hapa nyuma yako," Mwenyekiti akasema ndani ya simu.

Mjomba wa Wangari aligeuka. Aliyaangalia magari sita, akina mama wakiimbia mbuzi, laptop mapajani mwangu, kile kitambaa chenye maua ya waridi. Alikuwa bado ameshika simu sikioni. "Nilipanda hapa kuwaambia msikuje," alisema.

"Na sisi tumepanda kukuchukua," Mwenyekiti akajibu bila kupepesa. "Kwetu msemaji haachwi atembee na miguu."

Kisha mdomo wa mjomba ukaanza kucheza upande mmoja, akajaribu kuuzuia, ukamshinda. Alicheka hadi akaliegemea lile jiwe, na Mwenyekiti akacheka naye, wakashikana mikono kama watu waliookotana. Nilihamia nyuma, mjomba akaketi mbele, laptop akaiweka mapajani mwake mwenyewe. Njia alituelekeza kwa mkono bila kuinua macho, kwa sababu alikuwa anasoma bendera. "Posho Mill Iliungua! Wewe unaijua hiyo? Mimi nilikuwa napeleka mahindi hapo!" Wakabishana ule mti ulianguka na mvua au ulikatwa, na sijawahi kuona wakwe wakipatana haraka namna hiyo.

Langoni, wanawake wa kwao walikuwa wamelifunga kama desturi, tayari kututoza faini ya kuchelewa. Walipochungulia gari la kwanza wakamwona msemaji wao wenyewe ameketi mbele, wimbo ukawakatikia mdomoni. Wakafungua.

Ndani ya hema mjomba alirudisha uso wake wa paredi. Maneno yalipoanza alinyoosha kidole kwangu. "Huyu kijana tumeambiwa baba yake alishatangulia. Mimi siulizi mali. Nauliza hivi: nikimpa msichana wangu, siku moja wakikosana huko, nitamwita nani?"

Tulijua itakuwa hotuba, na akina mama walijiweka sawa kwenye viti. Mwenyekiti aliinuka na kofia mkononi. "Utaniita mimi," alisema. "Nitakuja."

"Na ukipotea?" mjomba akauliza, na hema lote likacheka.

"Nitauliza njia," alisema, akaketi.

Mjomba alitikisa kichwa taratibu, akaagiza Wangari aletwe. Ni desturi msichana aulizwe mbele ya wote kama anawafahamu wageni, akikana chakula hakiliwi. Alitoka ndani na leso kichwani, akasimama katikati. "Hawa watu unawajua?" mjomba akamwuliza.

Wangari hakunitazama mimi. Alizitazama safu za wazee wetu hadi akampata aliyemtaka, akanyoosha mkono. "Nawajua," alisema. "Yule hapo ndiye baba mkwe wangu."

Mwenyekiti aliweka kofia usoni na mabega yakaanza kutikisika, na Mama akawaeleza wenyeji kwamba ni vumbi la njiani. Mimi sikuwa na kofia. Nililia wazi, mbele ya wakwe zangu wote.